Haoni ubaoni, tunamwita mjinga

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Wahenga wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni kweli. Lakini lipo tatizo moja katika madarasa yetu ambalo hata yule anayekilalia kitanda hawajui kunguni wake. Nalo ni tatizo la mtoto mwenye macho yasiyoona vizuri.

Mtu mzima macho yakianza kumsumbua hutambua upesi, kwa sababu anakumbuka alivyokuwa akiona zamani. Juzi alisoma gazeti bila taabu, leo analisogeza mbali mpaka mkono unaisha. Mtoto hana hiyo juzi ya kulinganishia. Ikiwa tangu alipoanza darasa la kwanza ubao ulikuwa ukungu, basi kwake yeye ubao ndivyo ulivyo. Anadhani wenzake nao wanauona ukungu huo huo, ila wao wana akili ya kuusoma na yeye hana. Hawezi kulalamikia kitu ambacho hajapata kuwa nacho.

Kwa hiyo hasemi. Na kwa kuwa hasemi, sisi wakubwa tunamsemea, tena vibaya. Mwalimu anasema ni mvivu. Baba anasema amefuata upande wa mama yake. Wenzake wanasema ni mjinga. Akiwa amekaa dawati la nyuma katika darasa la watoto themanini au mia, ananakili kutoka daftari la jirani, na akikamatwa anakula kiboko kwa kunakili. Baada ya miaka miwili mitatu ya maisha hayo, mtoto mwenyewe naye anakubali kwamba ni mjinga. Hapo ndipo shule inapomshinda, na sisi tunaandika tu kwamba ameacha masomo.

Juma hili, msikilizaji, nataka tulizungumze suala la kuwapima macho watoto wa shule. Hoja yangu ni moja. Kupima ni kazi nyepesi. Kazi nzito, ambayo tumezoea kuitupa njiani, ni ile inayoanza baada ya kupima.

UKUBWA WA TATIZO

Tuanze na hesabu. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za jiji la Mwanza. Wanafunzi 2,511 walipimwa. Kati yao, 154, yaani asilimia 6.1, walikuwa na kasoro ya macho inayohitaji miwani, na karibu wote tatizo lao lilikuwa ni kutoona mbali. Kati ya hao waliohitaji miwani, ni asilimia 30 tu waliokuwa nayo kabla watafiti hawajafika. Saba katika kila kumi walikuwa wamevuka shule ya msingi yote, wakafika sekondari, bila ya kusaidiwa.

Zingatia kwamba hao ni wale waliofaulu kufika sekondari. Wale ambao macho yaliwakwamisha njiani hawakuwapo darasani kuhesabiwa.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba tatizo hili halijaenea sawa kila mahali. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2000 na kuhusu watoto wa shule za msingi katika eneo la vijijini la nchi yetu, ulikuta idadi ndogo kuliko hiyo ya Mwanza mjini. Kutoona mbali aghalabu huanza au huzidi mtoto anapokaribia utu uzima, na huonekana zaidi mijini. Kwa hiyo wewe msikilizaji wa Dar es Salaam, wa Arusha au wa Tanga, usidhani nazungumzia watoto wa mbali.

Tatizo lenyewe si la ajabu. Jicho la mtoto hukua kama mguu wake unavyokua. Wakati mwingine hurefuka kupita kipimo, hata kama ni kwa milimita moja tu, na picha ya kile anachokitazama ikaangukia mbele ya pazia la nyuma ya jicho badala ya kuangukia juu yake. Matokeo yake ni ukungu. Hakuna dawa ya matone wala ya kunywa inayoweza kulifupisha jicho lililokwisha kurefuka. Kinachofanywa ni kuweka kioo mbele yake kitakachoisogeza picha mahali pake. Kioo hicho ndiyo miwani.

KAMBA YA MITA SITA

Sasa tuje kwenye kupima. Wako wanaodhani kwamba kumpima mtoto macho ni shurti pawepo daktari, umeme na mashine. Ili kumpatia mtoto vipimo vya miwani, naam, anatakiwa mtaalamu. Lakini ili kujua tu kwamba mtoto huyu haoni vizuri na apelekwe kwa mtaalamu, mwalimu aliyefundishwa vema anatosha.

Chati ya herufi ilitengenezwa mwaka 1862 na daktari Mholanzi, Herman Snellen, na mpaka leo bado inatumika dunia nzima. Kwa watoto hutumika chati yenye herufi E iliyogeuzwa kulia, kushoto, juu na chini, ili mtoto aoneshe kwa mkono vidole vya herufi vimeelekea wapi, hata kama hajajua kusoma. Mwalimu anapima mita sita kwa kamba, anaitundika chati kwenye mwanga mzuri, anamsimamisha mtoto mwisho wa kamba.

Yapo mambo mawili ya kuangalia sana. La kwanza, jicho moja moja. Mtoto mwenye jicho moja zima huona vizuri akitumia yote mawili, na lile bovu hujificha nyuma ya zima. La pili, jicho lifunikwe kwa kipande cha kadi au kiganja kilichokunjwa kama kikombe, si kwa vidole, maana watoto huchungulia katikati ya vidole. Na wale wanaosubiri zamu wakae mbali, wasije wakakariri mistari au wakamnong'oneza mwenzao kwa huruma.

Mtoto akishindwa mstari unaoitwa 6/12, maana yake ni kwamba kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa umbali wa mita 12, yeye hakioni hata akiwa umbali wa mita sita. Huyo apelekwe kwa mtaalamu. Kipimo chenyewe kwa mtoto mmoja ni cha dakika chache.

Aidha, mzazi naye anaweza kuziona dalili nyumbani. Mtoto anafinya macho au kukunja uso akitazama mbali. Anainamisha kichwa upande mmoja. Anasogeza kitabu mpaka puani. Anaisogelea runinga kila akirudishwa nyuma. Analalamika kichwa kila jioni. Hapendi mpira kwa sababu hauoni mpaka umemfikia usoni.

Na zipo dalili ambazo hazisubiri. Mboni inayong'aa nyeupe kama jicho la paka usiku, kwa mtoto wa umri wowote, hata mchanga, inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho. Huyo asipakwe dawa ya majani wala maji ya kitu chochote. Apelekwe hospitali mara moja. Kadhalika makengeza. Wengi tunayaona makengeza kuwa ni umbile tu, wengine huyaona urembo. Lakini ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo ya maisha, na jicho linaloleta picha mbovu ubongo hulipuuza, likageuka jicho vivu. Likigunduliwa mapema, kabla mtoto hajafika miaka saba au minane, daktari anaweza kulifunika lile zima kwa muda ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Kadiri miaka inavyopita ndivyo inavyokuwa vigumu kulirudisha.

BARUA ILIYO JUU YA KABATI

Ndugu msikilizaji, sasa nafika kwenye kiini.

Kila mwaka, Alhamisi ya pili ya mwezi wa Oktoba, dunia huadhimisha Siku ya Macho. Katika siku kama hizo wataalamu hufika shuleni, watoto hupanga mistari, chati hutundikwa, picha hupigwa. Jioni hutangazwa kwamba watoto mia kadhaa wamepimwa. Ni jambo jema na wanaolifanya wanastahili shukrani. Lakini mimi huuliza swali moja: miezi mitatu baadaye, ni watoto wangapi wamevaa miwani darasani?

Swali hilo limekwisha kujibiwa hapa hapa Dar es Salaam. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wanafunzi 6,904 wa kidato cha kwanza katika shule 37 za sekondari za jiji hili walipimwa. Waliohitaji miwani wakawekwa katika makundi mawili. Kundi la kwanza walipewa miwani bure. Kundi la pili walipewa karatasi ya vipimo, wakanunue wenyewe. Baada ya miezi mitatu watafiti wakarudi shuleni kuwaangalia. Katika kundi la karatasi, waliokuwa wamevaa miwani au wako nayo shuleni walikuwa asilimia 26. Katika kundi la miwani ya bure walikuwa asilimia 47.

Takwimu hizo zina mafunzo mawili, na yote mawili ni machungu. Fundo la kwanza: karatasi peke yake humsaidia mtoto mmoja katika wanne. Fundo la pili: hata miwani ikitolewa bure, zaidi ya nusu ya watoto hawako nayo. Basi umaskini ni kikwazo, lakini si kikwazo pekee. Kipo kingine, nacho kiko majumbani mwetu na vinywani mwetu.

Sikiliza mazungumzo ya namna hii, ambayo hayana nyumba maalumu.

"Baba watoto, mwalimu kaleta barua. Mtoto apelekwe hospitali, macho hayaoni vizuri."

"Macho yapi? Si huyu huyu anayekesha kwenye runinga?"

"Runinga huisogelea. Ubao atausogeleaje?"

"Mwache akue, yatakaa sawa. Tena ukimvalisha miwani sasa hivi ndiyo utamharibu kabisa, hatayaacha maisha."

Basi barua inawekwa juu ya kabati, na juu ya barua inawekwa pasi. Mwezi unapita, muhula unapita.

Tusimlaumu baba huyo upesi. Kwanza, barua imemwambia "macho hayaoni vizuri", na yeye kila siku anamwona mtoto akikimbia uani bila kujikwaa. Pili, kwenda hospitali ni nauli za watu wawili na siku ya kazi iliyopotea, pengine uambiwe urudi Jumatatu. Tatu, hilo alilosema kuhusu kuharibu macho, ameambiwa na watu anaowaheshimu.

Lakini si kweli. Miwani sahihi hailifanyi jicho kuwa dhaifu, kama vile kiatu hakifanyi mguu kuwa mvivu wa kutembea. Huko Malaysia watafiti walidhani kwamba pengine mtoto akipewa miwani pungufu kidogo, jicho litajitahidi lenyewe. Wakawapima watoto 94 kwa miaka miwili. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionesha kwamba waliopewa miwani pungufu ndio ambao kutoona mbali kwao kuliongezeka zaidi. Mtoto anayetaka kuivaa miwani yake kila siku hajaharibiwa na miwani. Ameonja kuona na hataki kurudi gizani.

Na je, kuona kunamsaidia kweli masomoni? Huko magharibi mwa China, katika shule za msingi 252, watoto 3,177 waliohitaji miwani walifuatiliwa kwa mwaka mzima wa masomo, 2012 hadi 2013. Mwisho wa mwaka wakapewa mtihani wa hesabu. Wale waliopewa miwani bure walipata alama za juu kuliko wenzao ambao hawakupewa. Hawakuongezewa mwalimu, wala kitabu, wala twisheni. Waliongezewa vioo viwili.

WALIVYOFANYA TRANS NZOIA

Majirani zetu wa Kenya wametuonesha njia mojawapo ya kuiteremsha barua kutoka juu ya kabati. Katika kaunti ya Trans Nzoia, inayopakana na Uganda, shule 50 zenye watoto zaidi ya 20,000 ziliingizwa katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Katika nusu moja ya shule, walimu walipima kwa chati ya kawaida, na mtoto mwenye tatizo akapewa karatasi ya kwenda hospitali. Katika nusu ya pili, walimu walipima kwa programu ya simu ya mkononi. Simu hiyo iliweza pia kuonesha picha jinsi mtoto yule anavyouona ulimwengu, pamoja na ukungu wake, na mzazi akapelekewa picha hiyo. Halafu mzazi akatumiwa ujumbe wa simu wa kumkumbusha, na mwalimu mkuu naye akapewa majina ya watoto ambao hawajaenda.

Kwenye shule za karatasi, waliofika hospitali walikuwa asilimia 22. Kwenye shule za picha na ujumbe, walikuwa asilimia 54.

Siri, msikilizaji, si ile simu. Chati ya Snellen nayo huwagundua watoto. Siri ni kwamba mzazi alioneshwa, hakuambiwa tu, akakumbushwa, hakuachwa, na mwalimu mkuu akajua kwa majina nani kaenda na nani bado. Hayo matatu tunaweza kuyafanya hata bila simu ya aina hiyo. Mwiteni mzazi shuleni. Msimamisheni kwenye kamba ya mita sita, mwanawe kando yake, aisome chati yeye mwenyewe kwanza, kisha amsikie mtoto akishindwa mstari wa tatu. Baba akishuhudia hivyo kwa macho yake hataiweka barua juu ya kabati.

TUFANYE NINI

Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalosubiri mfadhili.

Kwanza, kila shule iwe na mwalimu mmoja anayehusika na macho, aliyefundishwa na mtaalamu wa macho wa wilaya. Watoto wapimwe wanapoandikishwa darasa la kwanza, wapimwe tena katikati ya shule ya msingi, na wapimwe kidato cha kwanza. Watoto wenye matatizo ya macho mekundu, usaha au kuwashwa kusikokwisha wasisubiri zamu hizo.

Pili, kamati za shule zisiwapeleke wazazi hospitali mmoja mmoja kama watu waliopotea njia. Wakusanyeni watoto wote waliogunduliwa, ombeni siku moja kwa mtaalamu, au aje yeye shuleni na kasha lake la lenzi na fremu. Na mtoto achague fremu yake mwenyewe. Miwani iliyochaguliwa na mjomba hukaa mfukoni. Iliyochaguliwa na mtoto hukaa puani.

Tatu, walimu wakomeshe kejeli. "Macho manne", "profesa", "bibi kizee", maneno haya huvua miwani nyingi kuliko umaskini unavyozizuia kuvaliwa. Binti wa miaka kumi na mitatu atakubali kutouona ubao kuliko kuchekwa na darasa zima. Mwalimu anayevaa miwani naye asimame mbele ya darasa aseme, mimi nisingekuwa mwalimu wenu bila hii.

Nne, na hili ni kwa wakuu wetu wa elimu na afya katika halmashauri. Badilisheni swali mnalowauliza walimu wakuu. Msiulize watoto wangapi wamepimwa. Ulizeni wangapi wanavaa. Baada ya miezi mitatu mtu apite madarasani, ahesabu pua zenye miwani, alinganishe na orodha. Tukihesabu karatasi tutaletewa karatasi.

Kabla sijamaliza, neno kwa wazazi wa mijini. Watoto wetu wanatoka shule wanaingia twisheni, wanatoka twisheni wanaingia kwenye simu. Jua wanaliona kupitia dirishani. Huko Guangzhou nchini China, shule kadhaa ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, kulingana na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali katika shule hizo walikuwa asilimia 30 hivi, na katika shule nyingine karibu asilimia 40. Mwanga wa nje ni kinga, nasi Mungu ametupa jua la bure. Mtoto akiomba kwenda kucheza, usimwambie kila mara kwamba anapoteza muda.

Na leo jioni, kabla ya jua kuzama, msimamishe mwanao barazani. Mfunike jicho moja kwa kiganja, mwulize bango la duka la ng'ambo ya barabara limeandikwa nini. Kisha jicho la pili. Hicho si kipimo cha hospitali, wala akifaulu usiseme yamekwisha. Lakini akishindwa kusoma unachokisoma wewe, basi usiseme tena kwamba hana akili. Kesho asubuhi mshike mkono mwende kwa mtaalamu wa macho.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.